Fundi wa Langas anayeondoa rangi yake mwenyewe

Asubuhi na mapema, kabla moshi wa meko haujatanda juu ya mabati ya Langas, mjini Eldoret, Wanyama Murunga ameshaketi kwenye kigoda kando ya gari bovu lililo nyuma ya nyumba yake. Karibu na mguu wake ipo ndoo ya maji ya sabuni. Mkononi ana kipande cha msasa laini kilichokunjwa kikatosha chini ya vidole vitatu. Anakichovya, anasugua mlango kwa duara dogo, anapangusa kwa kitambaa, kisha anausogeza uso wake karibu kabisa na bati kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Maji yanayoteremka mlangoni ni ya buluu. Yanapoanza kufifia, anaacha.

“Hapa nimefika,” anasema, akionyesha doa lisilozidi sarafu ya shilingi ishirini.

Ndani ya doa hilo rangi ni samawati iliyochoka, yenye mikwaruzo na alama za mvua. Kulizunguka, rangi ni buluu inayong'aa kama kikombe kipya. Ile inayong'aa aliipaka yeye mwenyewe. Ile iliyochoka ilitoka kiwandani mwaka wa 1967, naye anaitafuta kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Kituyi, mchomeleaji wa vyuma ambaye wamefanya kazi pamoja tangu ujana, anapita akielekea gereji. Anasimama penye ua.

“Wenzako wanapaka, wewe unapakua,” anamwambia. “Ukimaliza huo mlango, uje unisugue hiki kipara. Labda nywele za kwanza ziko chini.”

“Wewe chini hakuna kitu, Kituyi. Ulitoka kiwandani hivyo.”

Wanacheka wote wawili, lakini kicheko cha Wanyama kinageuka kikohozi. Anakiweka chini kitambaa, anashika ukingo wa gari na kusubiri. Kituyi naye anasubiri, akitazama pembeni kama mtu asiyeona. Kikohozi kikiisha, Kituyi anaenda zake.

Kifua hicho ndicho kiini cha habari hii. Wanyama ana umri wa miaka sitini na sita, na kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa fundi wa bodi na rangi. Amepuliza rangi kwenye matatu, malori ya mahindi, magari ya makasisi na ya wakubwa, akiwa amejifunga leso puani. Mwaka jana daktari katika kliniki moja mjini alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia aache kupuliza rangi mara moja.

“Nikamuuliza, daktari, nikiacha nitakula nini? Akaniambia, Mzee, usipoacha hutakula kabisa,” anasimulia. “Alisema polepole, kwa heshima. Lakini alisema.”

Mwezi mzuri humpatia shilingi elfu thelathini hivi, baada ya kutoa gharama za rangi, thina ya kuiyeyushia na umeme wa kompresa ya kuipulizia. Miezi ya mvua hata nusu ya hizo haifiki. Dawa za kifua pekee humlia elfu sita. Hana pensheni. Kitu pekee alicho nacho ambacho mtu mwingine angekitaka ni gari hili, Peugeot 404, ambalo kwa miaka mingi mtaa mzima uliliita banda la kuku.

Lilikuja kwake kama malipo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, lori la Mzee Ephantus Njenga, mkulima wa viazi wa Timboroa, lilipinduka kwenye kona za kuteremka kwenda Nakuru. Dereva alipona, lakini kichwa cha lori kilipondeka kama mkebe. Wanyama alikinyoosha kwa nyundo na moto kwa wiki kadhaa. Msimu huo baridi kali iliunguza viazi vya Timboroa vikiwa shambani, na Njenga akakosa cha kulipa.

“Aliniita kwake, akanipa chai na viazi vilivyobaki,” Wanyama anakumbuka. “Akaniambia, fundi, sitaki nikupige chenga kila mwezi. Chukua hii 404. Injini imekwama lakini mwili ni mzima. Mzee alikuwa mtu wa ukweli. Alikufa bila kunificha lolote.”

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Langas. Mkewe, Tryphosa, alitoka na wanawake wenzake wa kanisa kulipokea, na hapo hapo Wanyama akatoa ahadi mbele ya watu: atalitengeneza, alipake rangi mpya, na Krismasi itakapofika atampeleka mkewe kanisani akiwa ameketi mbele.

Ahadi hiyo haikutimia. Kila alipopata nafasi, gari la mteja lilikuja. Kila alipopata pesa, karo ya watoto ilitangulia. Magari ya watu yaliingia gerejini yakiwa yamechubuka na kutoka yaking'aa, na la kwake likabaki nyuma ya nyumba. Magurudumu yaliisha upepo na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma.

“Kila Krismasi aliniambia Krismasi ijayo,” anasema Tryphosa, mama mwenye sauti ya chini anayeuza mboga sokoni. “Wanawake wakawa wananiuliza, Mama Linah, gari lako halijaamka? Nikachoka kujibu. Nikawa nasema bado linalala.”

Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007, gereji aliyokuwa akifanyia kazi iliteketea pamoja na magari manne ya wateja. Gari la nyuma ya nyumba halikuguswa. Waliopita walilitazama wakaona hakuna cha kuchoma.

Binti yao, Linah, karani katika duka la pembejeo huko Turbo, ndiye aliyelipiga picha mwaka huu na kuiweka mtandaoni, akiwa na nia ya kumtania babake tu. Wiki haikuisha kabla simu haijaingia kutoka Nairobi.

Aliyepiga alijitambulisha kama Wacera. Kazi yake ni kutafuta magari ya zamani kwa ajili ya mnada unaofanyika jijini mara mbili kwa mwaka. Aliuliza maswali mengi: limewahi kupakwa rangi? Viti ni vile vile? Vioo je? Wanyama alijibu kwa aibu kwamba hakuna lililofanywa, akaanza kuomba radhi. Wacera akamkatiza.

“Nakuja kuliona Jumatatu, Mzee. Tafadhali msijisumbue. Nataka kuliona vile lilivyo.”

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na anayejua jinsi wageni wanavyopokewa magharibi mwa Kenya ataelewa lilivyozaliwa. Mgeni yeyote mwenye adabu husema msijisumbue. Husema ameshakula, na kwamba maji yanamtosha. Na mwenyeji yeyote aliyelelewa vizuri humsikia, huitikia, kisha huenda kukamata kuku. Kumchukulia mgeni kwa neno lake ni kumwambia kwamba alikuja mahali pasipo na watu.

Kwa hiyo Tryphosa alifua vitambaa vya viti, akavinyoosha. Ua ukafagiliwa hadi kwa jirani. Naye Wanyama akalitazama gari lake, lenye vumbi la miaka thelathini na vinyesi vya kuku kwenye dirisha, akaona hawezi.

“Mgeni anatoka Nairobi, tena mama wa watu, halafu nimwonyeshe uchafu?” anauliza. “Mimi, fundi wa rangi?”

Alianza upande wa kushoto, ule unaotazama lango, ili mgeni auone kwanza. Aliosha. Akakwaruza rangi ya zamani juu juu, kwa haraka, kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Kwenye mlango wa nyuma palikuwa na bonde dogo. Hapo alichimba hadi kwenye bati tupu, akajaza pati, akasawazisha. Kisha akajifunga leso puani, kinyume cha agizo la daktari, akapuliza milango yote miwili na fenda, lile bati la juu ya gurudumu la mbele. Buluu safi. Jumapili hakugusa kazi. Alienda kanisani akiwa na furaha, na kifua kikimuuma.

Wacera alifika Jumatatu adhuhuri. Alisalimia vizuri, akapita langoni, akaliona gari. Wanyama alikuwa amesimama kando yake akiwa na koti lake la kanisa.

“Aliliangalia kidogo tu,” anasimulia. “Alizunguka mpaka upande wa pili, ule sikuwa nimegusa. Akakaa huko muda mrefu. Mimi nikafikiri anaomba.”

Aliporudi, Wacera aliuliza, “Mzee, hii rangi ni ya lini?”

“Ya juzi, madam. Ni kwa ajili yako.”

Wacera anasema hatasahau jinsi alivyolisema neno hilo. “Nilitaka kulia, na sikutaka anione,” aliliambia gazeti hili kwa simu. “Nilimwomba kiti.”

Walikaa uani, naye akawaonyesha picha kwenye simu yake. Magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yaliuzwa katika mnada uliopita siku ile ile. La kwanza lilikuwa limepakwa rangi upya, viti vipya, linang'aa hadi unajiona. Liliuzwa kwa shilingi milioni moja na laki moja. La pili lilitolewa katika ghala la shamba, likiwa na vumbi, viti vimepasuka, kutu kwenye kingo. Liliuzwa kwa milioni tatu na nusu.

Tryphosa aliuliza kama picha hizo hazikubadilishwa nafasi.

“Hapana, Mama,” Wacera alimjibu. “Rangi mpya mtu anaweza kupiga hata mara kumi. Ile ya kwanza inapigwa mara moja. Wenye pesa siku hizi wanatafuta gari ambalo hakuna mtu amelirekebisha. Yamebaki machache sana.”

Wanyama aliuliza lake lingepata ngapi. Wacera alisema kwamba wiki iliyotangulia, kwa jinsi alivyoliona kwenye picha ya Linah, angethubutu kusema milioni tatu. Sasa, laki saba au nane.

Kuku alikuwa ameshaiva. Hakuna aliyekuwa na hamu, lakini mgeni hawezi kuondoka hivi hivi, kwa hiyo wakala. Ilikuwa katika mlo huo, Tryphosa anasema, ambapo mumewe aliweka tonge chini na kusema maneno ambayo hajawahi kumsikia akiyasema.

“Miaka yote nimewaambia watu gari ikipita kwa mkono yangu inapanda bei. Kumbe mkono yangu ndio uchafu.”

“Sikusema hivyo, Mzee,” Wacera akasema.

“Najua hukusema. Mimi ndio nimesema.”

Kwa mtu mwingine, laki nane ni pesa nyingi. Kwa Wanyama nazo ni nyingi, lakini hazitoshi kumtoa kwenye kompresa. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu mapema: kiasi gani kimtunze yeye na mkewe, na kiasi gani kibaki kwa jambo jingine alilolificha moyoni. Tofauti ya pesa hizo mbili, anasema, ni tofauti ya kuacha kupuliza rangi na kufa akipuliza.

Wacera alipokuwa akivaa viatu mlangoni, Wanyama alimuuliza kama rangi inaweza kuondolewa bila kuumiza ya chini. Wacera alisita. Aliwahi kuona ikifanywa, alisema, na mara nyingi ilishindikana. Thina hapana kabisa, ingeyeyusha zote mbili. Mashine hapana. Ni maji, sabuni, msasa ulio laini kuliko yote, na mkono. Tena inategemea ya chini ilikwaruzwa kiasi gani kabla.

“Kidogo,” Wanyama akamwambia. “Ilikuwa kazi ya haraka. Ningekuwa nimeifanya vile huwa nafanya, singekuuliza.”

Ndivyo ilivyo kwamba kazi moja aliyoifanya vibaya maishani mwake ndiyo iliyomwachia nafasi.

Tangu siku hiyo ameacha gereji mikononi mwa Kituyi. Huketi na mlango kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapokuwa kali, maana mwanga mkali humdanganya macho. Siku njema humpa eneo la ukubwa wa bahasha. Wiki ya kwanza alisugua kupita kiasi karibu na kishikio, rangi ya zamani ikaanza kuonyesha wekundu wa rangi ya msingi iliyo chini yake, akaacha kazi siku nzima kwa hofu. Vidole vyake vimechubuka na kuwa laini kama vya mtoto.

Kuna jambo moja analolisema kama mtu aliyelishtukia. Kazi hii haina vumbi wala mvuke. “Ni mara ya kwanza nafanya kazi ya rangi bila kumeza rangi,” anasema.

Fenda ilirudi. Mlango wa mbele ukarudi. Wa nyuma, ambao sasa umebaki sehemu ndogo, umerudi karibu wote, isipokuwa pale palipokuwa na bonde. Hapo alikuwa amechimba hadi bati. Alipotoa pati, hapakuwa na kitu cha kurudisha. Ni eneo la ukubwa wa kiganja, kijivu, likiwa na bonde lake dogo.

Kituyi alikuwa na jibu.

“Wanyama, wewe ulichanganya rangi ya ile Volvo ya askofu mpaka askofu mwenyewe akasahau wapi iligongwa. Changanya kidogo ya hii. Paka hapo. Nani atajua?”

Wanyama hakulikataa wazo hilo haraka, na hafichi. Alichanganya. Alitumia mkebe wa mafuta ya kupikia, akaongeza nyeupe tone kwa tone, kijivu kidogo, chembe ya njano kwa ajili ya miaka iliyopita. Aliipaka kwenye kipande cha bati, akakikausha juani, akakiweka kando ya mlango. Kituyi aliinama, akasogea, akarudi nyuma, akashindwa kuonyesha bati linaishia wapi na mlango unaanzia wapi.

“Pesa ya dawa hiyo,” Kituyi akasema kwa upole. “Hakuna mtu unaibia. Ni gari yako.”

Kipande hicho cha bati kilikaa dirishani pa jikoni kwa siku kadhaa. Tryphosa anasema mumewe alikuwa akikitazama akinywa chai. Kisha asubuhi moja alisikia nyundo. Wanyama alikuwa akiwajengea kuku banda jipya, maana tangu biashara hii ianze walikuwa wamefukuzwa kwenye kiti cha nyuma wakabaki wakizurura. Alipomaliza, alichukua brashi na ule mkebe, akalipaka banda rangi yote hadi mkebe ukabaki mkavu.

Leo kuku wa Tryphosa wanalala katika nyumba ya samawati ya mwaka wa 1967.

“Ningepaka pale mlangoni, mtu wa kwanza angenunua bila kujua,” Wanyama anaeleza. “Lakini Wacera angeandika rangi yote ni ya kiwandani, na jina chini ya maandishi ni lake. Alikula kwangu. Tena mimi ningejua. Kila mtu angekuwa anaangalia gari, mimi naangalia hapo tu.”

Wacera alirudi juzi. Safari hii hakuna aliyefua vitambaa, ingawa Tryphosa anakiri kwamba alificha kuku mmoja jikoni, endapo mgeni angekubali kula. Kabla mgeni hajaanza kukagua, Wanyama alimwongoza hadi kwenye mlango wa nyuma, akaweka kidole kwenye kijivu.

“Hapa nimeshindwa,” akamwambia. “Hapa ni mimi.”

Wacera alichuchumaa, akalitazama doa, kisha akalitazama lile eneo lote lililorudi. Alipitisha kiganja juu yake bila kugusa. Hakuahidi chochote. Mnada ni mnada, alisema; siku hiyo wanaweza kuja watu wawili wanaolitaka au asije hata mmoja. Ila ataeleza yote kama yalivyotokea, rangi iliyopakwa na kuondolewa, na doa. Makadirio yake sasa ni milioni mbili na kidogo.

“Milioni mbili bado zinaniachisha,” Wanyama anasema. “Zilizopotea ni karo yangu. Nimesoma uzeeni.”

Mnada ni mwezi ujao. Akipata anachotarajia, atarudi kwenye shamba lake dogo karibu na Turbo apande mahindi na kulala usiku bila kusikia kifua chake kikinguruma kama kompresa. Lakini kabla ya hilo, lipo lile jambo alilolificha. Anataka kujenga pale gerejini chumba cha kupulizia rangi, chenye kuta na feni kubwa ya kuvuta mvuke nje, na kununua barakoa za kweli. Ameshazungumza na mwenye kiwanja, na Kituyi amekubali kuchomelea vyuma vyote bila malipo.

“Kuna watu saba wanapuliza rangi pale,” anasema. “Wote wanajifunga leso. Waliona mimi nikijifunga leso, wakafikiri inatosha.”

Anasema hivyo akiangalia chini, kisha anachovya msasa tena.

Lipo ombi moja zaidi, ambalo Wacera amelikubali baada ya kufikiri. Siku lori litakapokuja kulichukua gari, halitapakiwa hapa nyumbani. Magurudumu yatajazwa upepo, na vijana wa kanisa watalisukuma polepole hadi mbele ya kanisa, Wanyama akishika usukani. Huko ndiko litakakopandishwa lorini. Sharti la Wacera ni kwamba viti visifutwe wala kutandikwa kitu.

Tryphosa ameshaitoa sandukuni gauni yake nyeupe ya Umoja wa Akina Mama, chama cha wanawake wa kanisa. Imeanikwa kwenye kamba, hatua chache kutoka lilipo gari, na upepo unaipeperusha kuelekea mlango wa mbele.

Anaulizwa kama haoni vibaya kuketi na gauni nyeupe juu ya vumbi la miaka thelathini. Anamtazama mumewe, ambaye amerudi kuinamia bati na ndoo yake, kisha anaikunjua gauni vizuri kambani.

“Hii nitafua,” anasema. “Ile vumbi ndio haiwezi kurudishwa.”